Balanga na dripu ya stem seli: nitoe hela?

SWALI: Dokta shikamoo. Binti yangu ana miaka 19, ana balanga. Mwaka jana lilikuwa doa moja tu pembeni ya jicho, saa hivi yako sita mpaka vidoleni, na juzi limetokea lingine kwenye goti pale alipochubuka alivyoanguka na bodaboda. Kuna kliniki wanasema wana dripu ya stem seli (seli changa zinazozaa seli nyingine) inamaliza kabisa. Nimeshatafuta mteja wa mbuzi. (Mama wa Tanga)

JIBU: Marahaba mama. Mbuzi waache zizini kwanza.

Tiba ya seli kwa balanga ipo kweli, ila haipiti kwenye dripu. Wanachofanya ni hivi, wanachukua ngozi nyembamba ya paja la mgonjwa mwenyewe, wanailoweka kwenye dawa mpaka seli ziachane, halafu pale kwenye doa wanakwangua ngozi ya juu juu wanapaka ule uji wa seli wanafunga bandeji kama wiki hivi, seli za rangi zishike. Kipande kimoja kinaweza kutosha doa kubwa mara 5 mpaka 10 ya ukubwa wake. Marekani 2023 waliruhusu kifaa cha RECELL kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa kinachonitia wasiwasi ni hilo goti. Doa likiota kwenye mchubuko maana yake ugonjwa bado unatembea, kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inaua seli za rangi, ukipandikiza leo na hizo mpya zitaliwa. Kwa kawaida wanasubiri madoa yatulie kama mwaka. Na vidole nisikufiche, ni vibishi.

Kuna krimu ya ruxolitinib, ilipita Marekani 2022, inakata ile ishara inayoita kinga ije kushambulia. Kwenye majaribio ya wiki 24 kama watu 30 kwa 100 walirudisha robo tatu ya rangi usoni, waliopaka krimu tupu kama 10. Bei yake mh! Niliiona nikazima simu. Ila takrolimasi, dawa ya kupaka inayotuliza kinga, na taa ya UVB, mionzi kama ile ya jua, zipo siku nyingi, kaulizie RDTC, kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi.

Mcheki vinyweleo ndani ya doa. Vikiwa vyeusi bado kuna akiba ya seli za rangi kwenye mizizi yake, rangi huwa inarudi vidoti vidoti kama ufuta. Vikiwa vyeupe hapo kazi ipo. Piga picha kila doa leo, weka sarafu pembeni ya kupimia ukubwa, rudia kila mwezi, Moshi uende nazo.