Programu Yako Isome MemAvailable, Isisome MemFree

Niliandika programu ya kupunguza ukubwa wa picha, nikaiwekea sharti: kabla ya kuanza kazi ipime RAM, ikikuta haitoshi isimame. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 8 ikagoma kabisa, na hakuna kingine kizito kilichokuwa kimefunguliwa. Siku nzima nikahangaika kukagua hesabu zangu, kumbe hesabu zilikuwa sawa. Nilikosea mstari wa kusoma.

Kwenye Linux, fungua faili la /proc/meminfo. Mistari mitatu ya juu kwangu ilikuwa hivi:

MemTotal: 8048532 kB
MemFree: 312440 kB
MemAvailable: 5120876 kB

MemFree ni RAM ambayo haijashikwa na chochote, na huwa ndogo karibu siku zote. Linux haiachi RAM ikae bure. Huijaza nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, ili yakihitajika tena isirudi kwenye diski. Programu ikiomba nafasi, nyingi ya nakala hizo huachiwa mara moja. Makadirio ya nafasi hiyo yote ndiyo MemAvailable, iliyoingizwa kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo la 3.14 mwaka 2014. Mimi nilikuwa na karibu gigabaiti 5, programu yangu ikaona megabaiti 300 tu!

Hiyo kB, kwa njia, ni baiti 1,024. Na MemTotal ikipungua kidogo kuliko RAM uliyofunga, usihofu: sehemu yake hutengwa mapema kwa ajili ya kerneli na vifaa.

Kwenye Windows, ita kitendakazi cha GlobalMemoryStatusEx, kisha soma ullTotalPhys (RAM yote) na ullAvailPhys (inayopatikana). Jaza dwLength (ukubwa wa muundo wa data unaokipa) kwanza, la sivyo haitakupa kitu. GlobalMemoryStatus ya zamani achana nayo, maana RAM ikizidi gigabaiti 4 inaweza kukudanganya. Wa Python wana maktaba ya psutil na psutil.virtual_memory() yake, yenye total na available, na inafanya kazi kwenye mifumo yote miwili.

Ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) kuwa mwangalifu zaidi. Kwa kawaida /proc/meminfo huonyesha RAM ya mashine nzima, wakati kontena lako limewekewa kikomo chake. Kwenye cgroup v2 (mfumo wa Linux wa kuwekea programu vikomo) kikomo hicho kimo katika faili la memory.max; ukikipita, programu inaweza kuuawa katikati ya kazi.

Tena usipime mara moja ukaridhika, kwani programu nyingine yaweza kuichukua nafasi hiyo sekunde inayofuata. Yangu sasa hupima upya kabla ya kila fungu la picha.