Ziache slaidi, beba chupa na chumvi

Umesema una saa mbili na wakulima 30 pale Bweyale, Uganda, mada ni kukausha mahindi, na umeandaa slaidi 40. Ndugu, ziache. Mchana chini ya bati mwanga ni mwingi, ukutani hakuna anayeona kitu, na umeme ukikatika unabaki na mdomo tu.

Chagua jambo moja ambalo mkulima ataondoka akiweza kulifanya mwenyewe. Kwa mada yako ni kupima unyevu kwa chumvi. Tafuta chupa sita za kioo, kavu kabisa, zenye mdomo mpana na vifuniko. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo, lakini ghalani tunataka kama 13.5, kwa hiyo bado anaongeza jua kidogo. Hili lisemwe wazi, maana wengi hufunga gunia siku hiyohiyo.

Chupa tatu ziwe na mahindi yaliyotoka shambani, tatu makavu, na usiwaambie zipi ni zipi. Kila kundi la watu watano wang'ate punje, wabishane kama imekauka, ndipo watikise. Dakika 15 za kungoja ndizo za kueleza ukungu na sumu yake, aflatoksini. Hapo watakusikiliza, kwa sababu wanataka kujua nani alikosea.

Kinachoharibu zoezi hili ni chumvi yenyewe. Ya dukani mara nyingi imeshavuta maji. Ianike juani au ikaange kwanza, la sivyo itaganda hata kwenye mahindi makavu na utaaibika mbele za watu. Jaribu jana yake, pamoja na mkalimani wako kama yupo. Akitafsiri kwa Kiacholi muda wako unakuwa nusu, basi punguza maneno, usikimbize.

"Mmeelewa?" usiulize kamwe, jibu la "ndiyo" utalipata hata kwa aliyelala. Baada ya chakula cha mchana, mpe mama mmoja chupa tupu awafundishe wenzake tangu mwanzo, wewe kaa nyuma, kimya. Akisahau kukausha chumvi, hapo ndipo pa kurudia.