Programu inaingiza hesabu yenyewe: nibaki na kazi gani?

Swali: Shikamoo mhasibu. Nashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Bosi amenunua programu inayovuta miamala ya benki na kuiingiza vitabuni yenyewe. Nahofia kibarua changu. Halafu mauzo ya kwenye programu hayalingani na ripoti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Tatizo ni nini?

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo la pili, maana la kwanza limejificha humo humo.

Nadhani wateja wenu wengi wanalipa kwa simu, kwa lipa namba. Tuseme mauzo ya siku ni shilingi 1,180,000, na kwa mfano huu tuchukulie VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 imo ndani. Kampuni ya simu inakata chake, mathalani 5,900, benki zinaingia 1,174,100. Programu inaanzia kuona pale benki, kwa hiyo inaandika 1,174,100 kuwa ndiyo mauzo. EFD imeshatoa risiti za 1,180,000, na taarifa hizo TRA, mamlaka ya mapato, wanazo. Ukikokotoa VAT kwa namba ya programu unapata 179,100 badala ya 180,000.

Fungua vitabuni akaunti ya mpito ya lipa namba, ya kushikilia mauzo hadi pesa ifike benki. Mauzo yaingie kutoka ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na EFD: debiti akaunti ya mpito 1,180,000, krediti mauzo 1,000,000 na VAT 180,000. Pesa ikifika benki, debiti benki 1,174,100 na gharama za makato 5,900, krediti akaunti ya mpito 1,180,000. Salio lisiporudi sifuri, tazama kwanza mauzo ya jioni ya mwisho wa mwezi. Mara nyingi hela yake inaingia benki mwezi unaofuata.

Sasa kibarua. Kuingiza muamala mmoja mmoja kwa mkono kunakwisha, sikufichi. Lakini programu haikujiamulia kwamba kila pesa ya kampuni ya simu ni mauzo. Kuna mtu aliipa kanuni hiyo, pengine fundi aliyeifunga, ambaye debiti na krediti si fani yake. Mwombe bosi ruhusa ya kurekebisha kanuni hizo; kazi inayobaki kwako ndiyo hiyo. Ila akitaka wewe huyo huyo usajili wauzaji wanaowaletea bidhaa na uidhinishe malipo yao, kataa kwa adabu, maana mtu mmoja akishika yote mawili hakuna wa kumkagua. Nywila ya bosi nayo usiishike.

Excel usiitupe. Chukua miamala ya mwezi uliopita, benki upande mmoja na ripoti za Z upande wa pili, uilinganishe siku kwa siku kabla ya kuwasilisha ritani ya VAT.