Kompyuta haiwaki? Tafuta kwanza imekwama wapi

Kabla hujashika bisibisi, na kabla hujamwita mtu aje kupiga Windows upya, jiulize swali moja: kompyuta imefika wapi ndipo ikakwama? Nimewatengenezea ndugu na marafiki kompyuta nyingi za nyumbani, na mara nyingi nakuta mtu ameshaanza kutoa dawa kabla ya kujua ugonjwa umekaa wapi. Anafuta diski kumbe tatizo ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Ananunua RAM kumbe ni betri ndogo ya saa.

Ukibonyeza kitufe, mambo hufuatana. Pawa saplai inatoa umeme, mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) inakagua prosesa, RAM na kadi ya picha, halafu BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi, inatafuta diski yenye mfumo wa kuwashia, na mwisho diski inapakia Windows au Linux. Kila hatua ina dalili zake, kwa hiyo tazama na usikilize.

Kama ni kimya kabisa, hakuna feni wala taa, uko kwenye umeme. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine, kisha angalia swichi ndogo nyuma ya pawa saplai, maana watu hupitiwa nayo kila siku. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe, halafu rudisha. Kwa laptopu fanya hivyo hivyo, betri ikiwa nje kama ni ya kutoka. Hatua hii huamsha laptopu nyingi zilizodhaniwa zimekufa.

Pawa saplai ya kiwango cha ATX, kile cha kawaida kwenye kompyuta za mezani, unaweza kuipima nje ya mazabodi. Ichomoe kwenye umeme kwanza, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi wowote kwenye plagi ile kubwa ya pini 24, kisha rudisha umeme. Ikiwa nzima, feni itazunguka, ingawa kuna modeli ambazo feni yake hutulia mpaka zipate joto. Lakini feni kuzunguka si ushahidi wa kutosha. Pima kwa mita ya umeme: waya wa njano unatakiwa utoe volti 12, na kiwango kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Ikiwa chini ya hapo, nunua nyingine. Usiifungue, tafadhali. Kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zilizomo ndani hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya.

Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini kioo ni cheusi? Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na hapa ndipo RAM inaposumbua kuliko kitu kingine chochote. Anza na waya wa skrini, uhakikishe umechomekwa kwenye kadi ya picha kama mashine inayo, si kwenye tundu la mazabodi. Kwa laptopu, mulika tochi kwenye kioo kwa pembeni: ukiona picha hafifu, kompyuta inafanya kazi na kilichokufa ni taa ya kioo.

Baada ya hapo chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, na utoe RAM zote. Ukiinua moja kwenye mwanga utaona mstari wa miguu ya rangi ya dhahabu. Mara nyingi ina ukungu wa kahawia ambao hauonekani mpaka uielekeze vizuri kwenye mwanga. Futa pande zote mbili taratibu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa vumbi la kifutio kwa kitambaa kikavu, halafu irudishe moja tu. Sukuma kwa vidole gumba mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa mlio. Usiposikia mlio, haijaingia, hata kama macho yanakuambia imeingia. Washa. Ikikataa, ihamishie sloti nyingine, kisha jaribu RAM ya pili peke yake. Ukimaliza utajua kama iliyokufa ni RAM au ni sloti. Sikiliza pia milio ya bip, kwa sababu idadi yake na urefu wake vimeelezwa kwenye kitabu cha mazabodi yako, na kila kampuni ina utaratibu wake.

Ukiona nembo ya kampuni halafu ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia, shukuru, maana vifaa vingi ni vizima. Toa flashi zote kwanza. Ingia BIOS uone kama diski inaonekana. Isipoonekana, badilisha waya wake wa SATA, ambao ni wa bei rahisi na huchoka. Angalia na saa. Saa ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri bapa ya CR2032 kwenye mazabodi imekwisha. Ikiwa nzima hutoa volti 3.

Kuna jambo kuhusu betri hii ambalo wengi hawaambiwi. Rafiki yangu alibadilisha yake, saa ikakaa sawa, lakini Windows ikaendelea kugoma kwa skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Alishaambiwa afute kila kitu. Kumbe betri ilipokufa, BIOS ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na namna ya kusoma diski ikahama kutoka RAID kwenda AHCI, wakati Windows yake iliwekwa ikiwa RAID. Tuliirudisha ilivyokuwa, ikawaka na picha zake zote zikiwemo. Ukibadilisha betri, linganisha mpangilio huo, na pia kama kuwasha ni kwa UEFI, yaani mtindo mpya wa BIOS, au kwa mtindo wa zamani (Legacy). Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, huenda ukaombwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla hujagusa chochote.

Imebaki ile inayoanza kupakia Windows halafu inazunguka bila mwisho au inajizima. Hapa nasisitiza kwa moyo wote: okoa mafaili kwanza, ukarabati baadaye. Tumia kompyuta nyingine kuandaa flashi ya Linux, washa nayo bila kusakinisha, na unakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje. Ukiwa humo, angalia afya ya diski kwa amri ya smartctl. Mstari wa Current_Pending_Sector ukiwa na namba zaidi ya sifuri, diski ina sehemu inazoshindwa kuzisoma. Hapo usikimbilie chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa sababu inailazimisha diski mgonjwa kufanya kazi nzito na kuandika juu yake. Tumia ddrescue, programu ya Linux ya kunakili diski mbovu, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, kisha ndipo inarudia zile mbovu. Na diski ikigonga-gonga ndani kama chuma kinapiga chuma, izime hapo hapo. Kama kilichomo hakina nakala, kazi hiyo ni ya wataalamu wa kuokoa data.

Diski ikiwa nzima na mafaili yako salama, ndipo ujaribu ukarabati wa kujiendesha wa Windows. Menyu yake hujitokeza yenyewe baada ya kuwasha kushindwa mfululizo, au uipate kwa flashi ya usakinishaji yenye angalau GB 8. Ondoa sasisho la mwisho kama tatizo lilianza baada yake, halafu Windows ikiwaka, endesha amri ya sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe.

Ikishindikana, sakinisha upya bila hofu. Leseni halali ya kidijitali ya Windows 10 au 11 hufungamana na mazabodi, kwa hiyo hata ukiweka diski mpya, chagua toleo lile lile na uunganishe intaneti, itajitambua yenyewe. Ukibadilisha mazabodi ndipo utakapohitaji kuihamisha kupitia akaunti yako ya Microsoft, na si kila leseni inaruhusu kuhamishwa.