Maswali ya wafugaji: shingo iliyopinda, mayai yanayoliwa na mtetea asiyetoka kiotani

Barua za safari hii zimetoka Dodoma, Kilifi, Singida, Arusha na Unguja. Tunaanza na ile isiyoweza kusubiri.

Shikamooni wataalamu. Nina kuku 23 wa kienyeji. Wiki iliyopita nilinunua jogoo mnadani nikamwachia kundini. Tangu juzi kuku wanasinzia, wanashusha mabawa na kuharisha kijani. Sita wamekufa, na mmoja shingo imepinda mpaka anatazama juu. Jirani anasema niwape pilipili na mwarobaini. Mimi nimewawekea tetrasaiklini ya vidonge iliyokuwa ndani. Je, naweza kuwachanja leo? – Mama mfugaji, Dodoma

Marahaba mama, na pole sana. Dalili zako ni za mdondo, ambao wengi wanauita kideri. Virusi vyake hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya kuonekana, mara nyingi siku 5 au 6, kwa hiyo jogoo wa mnadani ndiye wa kwanza kushukiwa. Mpigie afisa mifugo wa kata leo hii. Vifo vya ghafla namna hii vinaweza pia kuwa mafua makali ya ndege, na kwa macho peke yake magonjwa haya mawili hayatofautishiki.

Mdondo hauna tiba. Tetrasaiklini hupambana na bakteria, virusi haivigusi, hivyo mwaga maji hayo. Ukiendelea nayo, kitakachobaki ni dawa ndani ya mayai mnayokula nyumbani. Pilipili na mwarobaini navyo havimponyi kuku mwenye mdondo, na siku mbili unazopoteza kwa kutwanga ndizo ugonjwa unazotumia kumaliza banda.

Usichanje leo. Kuku aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimwokoi, na mkono unaotoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima ndio unaobeba ugonjwa. Watenge wagonjwa mbali na banda. Wahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha nawa kwa sabuni na ubadili viatu. Usiguse macho yako kabla ya kunawa, kwa sababu kirusi hiki huweza kumletea mtu macho mekundu kwa siku kadhaa. Waliokufa wachome au wafukie shimo la mita moja, mbwa wasifukue. Tunakusihi usiuze waliobaki, na usiwachinje wagonjwa kisha utumbo, manyoya na maji ya kunyonyolea vikamwagwa uani. Hivyo ndivyo mtaa mzima unavyopoteza kuku ndani ya wiki mbili.

Ondoa kinyesi chote kabla ya kumwaga dawa ya kuua vijidudu, kwani dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kaa wiki nne tangu kifo cha mwisho ndipo ulete kuku wengine. Aliyepinda shingo anaweza kuishi ukimlisha na kumnywesha kwa mkono, ingawa wengine shingo hainyooki tena.

Chanjo ya kuwapa baada ya hapo ni I-2, ya tone la jicho. Ilitengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini kusikokuwa na majokofu, ndiyo maana inavumilia joto kuliko chanjo nyingine. Kuvumilia si kutoharibika, lakini. Ukiitoa dukani, ifunge kwa kitambaa kibichi, iweke ndani ya kikapu, na isipigwe jua. Wafungie kuku usiku ili asubuhi msifukuzane nao. Mwenzako amshike kuku kwa ubavu, jicho moja likitazama juu. Chupa iwe wima, mdomo chini, isiguse jicho. Dondosha tone moja, subiri apepese na tone lizame, ndipo amwachie. Jicho moja linatosha, na kipimo ni kile kile kwa kifaranga, tembe, mtetea na jogoo. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na mojawapo ya tarehe hizo iwe kabla kiangazi hakijashika, kwa sababu ndipo mdondo unapopamba moto. Waombe majirani mchanje siku moja.

Ukiikosa I-2 ukapewa LaSota ya kuchanganya na maji, masharti ni makali zaidi. Lazima isafiri ndani ya barafu, nyuzi 2 hadi 8. Maji ya bomba yenye klorini huiua, kwa hiyo tumia ya mvua au ya kisima. Koroga kijiko kimoja cha chai cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita kabla ya kutia chanjo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili, weka vyombo vya plastiki vya kuwatosha wote kwa pamoja, na chanjo iwe imekwisha ndani ya saa mbili. Chanjo nyingi tunazoambiwa "hazikufanya kazi" zilikufa kwenye ndoo.

Na kuku yeyote mpya, hata akiwa zawadi ya shangazi, akae peke yake siku 14.

Kuku wangu wanane wameanza kula mayai. Nikirudi kazini jioni nakuta maganda na ute tu. Nimejaza pilipili kwenye yai moja, wamelila lote. Nawalisha pumba za mahindi na mabaki ya jikoni. Je, niwachome midomo? – Msomaji, Kilifi

Usiwachome. Ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu, na kuku aliyechomwa kwa chuma cha moto hula kwa maumivu. Kuhusu pilipili, ndege hawausikii ule ukali kama sisi. Umewaongezea kiungo.

Kuku hujifunza kula mayai siku yai moja linapopasuka kiotani akaonja. Tuulize basi kwa nini linapasuka. Ganda moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na mtetea anayetaga anahitaji kama gramu 4 kwa siku. Pumba za mahindi karibu hazina kabisa. Hapo Kilifi dawa iko ufukweni: okota makombe, osha chumvi, yachome kidogo yalegee, yaponde yawe kama punje za mtama, uyaweke kwenye chombo chake. Usiyachanganye kwenye chakula cha wote, maana kalsiamu nyingi huharibu figo za vifaranga na matembe. Mtetea anajua kipimo chake. Maganda ya mayai yanafaa pia ukiyakausha na kuyasaga unga. Ukiyatupa vipande vipande unawafundisha umbo la kitu cha kudonoa. Ongeza protini: dagaa au mashudu ya alizeti, au uhamie chakula cha watagaji kilichochanganywa, gramu 110 hadi 120 kwa kuku kwa siku.

Joto nalo linachangia. Kuku anayehema mdomo wazi hupoteza hewa ya ukaa ambayo mwili unaihitaji kutengeneza ganda. Banda liwe na kivuli, maji yabadilishwe adhuhuri.

Kuku wanane wanataka viota viwili, kila kimoja sentimeta 30 kwa 30, mahali penye giza, na maranda au nyasi kavu kina cha vidole vinne. Kiota chenye mwanga kinaonyesha yai kwa kila apitaye. Kuku wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo kukusanya jioni ni kuchelewa mno. Mtu aliyeko nyumbani aokote saa nne, saa saba na saa kumi. Mtafute aliyeanza: ana ute uliokauka mdomoni. Mtenge wiki mbili. Asipoacha, tengeneza kiota chenye sakafu iliyoinama kidogo, yai lijiviringishe hadi kwenye kijisanduku nyuma asikofikia. Ikishindikana hata hapo, mchinje kabla hajawafundisha wenzake. Hilo tunalisema kwa uzito, lakini tabia hii huenea.

Kuku wana vidoa vyeusi vimegandana kuzunguka macho na kwenye upanga, nikivuta havitoki. Vifaranga wanakufa. Nimepaka mafuta ya taa. – Msomaji, Singida

Hao ni viroboto wa kuku, wale wanaong'ang'ania ngozi mahali pamoja. Mafuta ya taa huunguza ngozi na kupofusha jicho, acha leo. Paka mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando, juu ya kila kundi la viroboto: hukosa hewa na kudondoka baada ya siku moja au mbili. Kwa kifaranga fanya hivyo mapema, kwani hunyonywa damu hadi akaishiwa.

Kuku, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Kiroboto jike hutaga akiwa amejishika, mayai yanaanguka chini, na viluwiluwi hukua kwenye mchanga mkavu na vumbi la banda. Fagia takataka zote za sakafuni uzichome mbali. Nyunyiza dawa ya unga ya viroboto, iliyoandikwa kwamba ni ya kuku, kwenye sakafu, nyufa na viota, na urudie baada ya siku 10 hadi 14 kwa ajili ya waliokuwa bado mayai. Usichovye kuku kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Wengi wamekufa hivyo. Angalia pia masikio ya mbwa na paka, viroboto hawa hukaa hapo, na panya huwarudisha bandani.

Kama vidoa hivyo ungevikuta usiku tu, vyekundu, vimejificha kwenye mianya ya fito mchana, hao wangekuwa utitiri, na dawa ingekwenda kwenye mbao kabla ya kwenda kwa kuku.

Mtetea wangu chotara amekaa kiotani wiki ya tatu bila yai hata moja chini yake. Ukimkaribia anavimba na kudonoa. Nimwagie maji baridi? – Msomaji, Arusha

Haumwi, anataka kuatamia. Maji baridi, kumfunga miguu au kumpitishia unyoya puani ni mateso yasiyo na sababu. Kinachomshikilia ni joto la kifua juu ya kitu laini gizani, basi mwondolee hilo. Mweke kwenye tundu lenye sakafu ya waya au fito, lililoinuliwa hewa ipite chini, mahali penye mwanga, bila nyasi, akiwa na chakula na maji kamili. Siku tatu au nne zinatosha. Ukimtoa akakimbilia kiotani, mrudishe siku mbili zaidi. Ataanza kutaga baada ya wiki mbili hivi.

Ila kama una jogoo, mbona umnyime? Mpe mayai 10 hadi 12 ya siku zisizozidi saba, uyaingize usiku. Siku ya 21 utakuwa na vifaranga bila gharama ya umeme.

Kuku anachechemea, chini ya wayo kuna uvimbe wenye kidonda cheusi katikati. – Msomaji, Unguja

Bakteria wameingia kwenye mkwaruzo. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika 10 hadi 15, kausha, paka iodini, funga bandeji safi, na urudie kila siku. Usimkate kwa wembe ukitafuta usaha: wa kuku ni mgumu kama jibini, hautiririki, na utamwaga damu bure. Uvimbe ukiwa mkubwa au moto, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kisha pima fito za kulalia. Zikizidi nusu mita kutoka sakafuni, kuku mzito huumia kila alfajiri anaporuka. Zishushe, ziwe na upana wa sentimeta 4 hadi 5, kingo zimepigwa randa, na misumari yote iliyochomoza igongwe irudi ndani.