Usiziunguze Nyota kwa Kulifuata Wingu

Katika picha yangu ya kwanza ya nebula ya Rosette, yaani wingu la gesi lililo angani, wingu jekundu lilitokea vizuri, lakini nyota za kundi la NGC 2244 zilizo katikati yake zilivimba zikawa madoa meupe ya rangi moja. Nilikuwa nimeacha kamera wazi kwa dakika 5 kila picha, nikiamini kwamba dawa ya kitu hafifu ni muda mrefu tu.

Nebula hiyo iko umbali wa takriban miaka nuru 5,000, katika kundinyota la Monoceros. Gesi yake inang'aa kwa sababu miale ya urujuanimno ya nyota changa zilizomo ndani huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi za haidrojeni, nazo zinapoungana tena hutoa ule mwanga mwekundu wa nanomita 656.3. Hivyo fremu moja hubeba vitu viwili vyenye mng'ao usiokaribiana hata kidogo, na hakuna muda mmoja utakaovitosha vyote.

Siku hizi napiga mafungu mawili usiku uleule, bila kuigusa darubini: picha ndefu kwa ajili ya wingu, kisha picha kadhaa za sekunde 20 au 30 kwa ajili ya nyota peke yake. Kila fungu nalirundika, yaani picha zake zote nazifanya kuwa moja, na kulisafisha kivyake, ndipo nayaunganisha mafungu hayo mawili. Kichujio cha mkanda mwembamba, kile kinachopitisha sehemu ndogo tu ya rangi za mwanga, nakitumia kwa wingu tu, kwa kuwa hupunguza ukubwa wa nyota lakini huziibia rangi zake za asili. Kipimo changu ni nyota ya 12 Monocerotis, ambayo kwa kweli si ya kundi hilo bali iko mbele yake, karibu nasi zaidi: ikiwa haionekani ya manjano kando ya zile za buluu, basi nimezidisha mwanga, na fungu la nyota linarudiwa.

Kuhusu vifaa, lenzi ya milimita 400 inatosha, maana nebula hiyo ni pana kuliko Mwezi mpevu zaidi ya mara mbili. Ila kamera ya kawaida ina kioo mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo, kwa hiyo kama yako haijabadilishwa kioo hicho, ongeza idadi ya picha, wala usirefushe kila moja.