Sumaku, koili na hesabu ya volti

Swali: Nina koili ya mizunguko 500 na sumaku ndogo. Nikiichomeka ndani, nitapata volti ngapi?

Inategemea umeichomeka kwa kasi gani. Sumaku iliyotulia ndani ya koili haitoi kitu, hata iwe kali vipi. Mwanasayansi Michael Faraday alilionyesha hilo London mwaka 1831. Volteji ya wastani ni idadi ya mizunguko mara badiliko la fluksi, gawanya kwa muda. Fluksi nayo ni uga wa sumaku (nguvu yake mahali hapo, hupimwa kwa tesla) mara eneo la tundu la koili.

Tuseme uga ndani ya koili umepanda kutoka sifuri hadi tesla 0.1, na tundu lina sentimita za mraba 3, yaani mita za mraba 0.0003. (Wengi huteleza hapa: wanagawanya kwa 100 badala ya 10,000.) Fluksi ni weba 0.00003 (weba ni kipimo cha fluksi). Ikiwa umetumia sekunde 0.05:

500 × 0.00003 ÷ 0.05 = volti 0.3

Tesla anazozitaja muuzaji usiziingize kwenye hesabu hivi hivi. Uga hufifia haraka ukisogea mbali na ncha ya sumaku.

Swali: Mbona taa yangu ya LED haiwaki?

LED nyekundu hutaka karibu volti 1.8. Ongeza mizunguko, au ingiza sumaku kwa kasi mara sita.

Swali: Hizo volti 0.3 ni wati ngapi?

Bila kujua ukinzani (jinsi waya na kifaa vinavyozuia mkondo, hupimwa kwa omu) huwezi kusema. Koili ikiwa na omu 20 na kifaa omu 10, mkondo ni 0.3 ÷ 30, yaani ampea 0.01. Kifaa kinapata mkondo mara mkondo mara ukinzani wake: 0.01 × 0.01 × 10 = wati 0.001, tena kwa sekunde 0.05 tu. Kuchaji simu sahau.

Swali: Nikiidondosha sumaku ipite katikati, mita inaonyesha chanya kisha hasi. Ni mbovu?

Ni nzima. Sumaku ikiingia fluksi hupanda, ikitoka hushuka. Kilele cha pili cha volti huwa kirefu na chembamba kwa sababu sumaku imeshaongeza kasi. Piga hesabu ya kuingia na ya kutoka kila moja peke yake. Wastani wa safari nzima ni sifuri.

Swali: Sumaku kali sana itanipa umeme wa bure?

Hapana. Mkondo ukianza kupita, koili huipinga sumaku. Ndiyo kanuni ya mwanafizikia Lenz ya mwaka 1834. Washa dinamo ya baiskeli uone pedeli zinavyokuwa nzito. Dinamo ya kawaida ni ya volti 6, wati 3, na wati hizo zote zinatoka miguuni mwako, pamoja na zile zinazopotea njiani kama joto.